Programu Isiyouliza

Verna Lindqvist alikuwa na sharti moja tu kwa programu ya kompyuta ya kujazia fomu za kodi, na sharti lenyewe hakumwambia mtu: isimuulize kama mumewe amekufa.

Sasa wewe niambie, programu hiyo ingetoka wapi? Lakini mjane wa miezi mitano haambiliki, na huyu hata kabla ya ujane alikuwa haambiliki. Mwezi wa Machi alikwenda maktaba, pale wazee wa kujitolea wanapowajazia wenzao fomu bure. Akakaa na bahasha yake mapajani mpaka namba yake ikaitwa. Mzee mmoja mwenye miwani akamsalimu vizuri, akafungua fomu, akauliza, "Na mzee naye atakuja kutia sahihi?" Verna akanyanyuka na bahasha yake, akatoka bila kuaga. Hata koti alilivalia nje, theluji ikimwangukia kichwani.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Aprili, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu, binti yake Gretchen aliendesha gari kwa saa mbili na nusu kutoka Minneapolis hadi kwa mama yake, Duluth. Alikuja na kompyuta kwapani na hasira kidogo. Wakakaa kwenye meza ya jikoni, kati yao mkate wa mdalasini ulioletwa na akina mama wa kanisani, maana wale hawajachoka bado kuleta.

"Ziko tatu, Mama," Gretchen akasema. "Hii ya kwanza ni ya bure. Wewe una pensheni yako, ya baba, na riba kidogo ya benki, basi. Inakutosha kabisa."

"Inauliza maswali?"

"Zote zinauliza. Ndiyo kazi yake."

"Maswali gani?"

"Ya kawaida tu. Jina, umezaliwa lini, umeolewa, hujaolewa..."

"Siitaki."

Gretchen akavuta pumzi. "Haya. Hii ya pili ni dola sitini, lakini ukikwama unapiga simu unaongea na mtu."

"Mtu ndiye mbaya zaidi."

"Ya tatu ni ile ya baba, ya kwenye boksi. Bei yake mara mbili, na imepitwa na wakati. Nani siku hizi anakwenda dukani kununua programu kama ananunua viatu?"

"Baba yako."

"Mama, leo Jumamosi, Jumanne ndiyo mwisho. Kwani unachagua programu au unachagua mchumba?"

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Mjane hatupiwi utani wa mchumba, hata na mwanawe. Gretchen akainama, akajishughulisha kukata mkate ambao hakuna aliyeutaka. Verna hakukasirika. Alitazama dirishani, na alipoanza kusema, alisema polepole.

"Mimi na baba yako tulikuwa tunakaa hapa hapa kila mwaka. Yeye anasoma maswali kwa sauti, kama mchungaji anasoma somo. Likifika lile moja, ananigeukia. 'Bibie, mashine inauliza, mwenzako amefariki mwaka huu?' Namjibu, 'Bado, anamalizia kahawa.' Naye anabonyeza hapana, tunaendelea. Miaka kumi na tisa, Gretchen. Sasa nani ataniuliza, na mimi nitamjibu nini?"

Gretchen hakulijua hilo. Wazee wana utani wao unaoanza watoto wakishahama, na watoto huja kuusikia wakati mmoja wa wenye utani hayupo. Alimshika mama yake mkono, akaona afadhali ukweli.

"Zote zinauliza, Mama. Hata ya bure. Ni serikali inayotaka kujua."

"Zote?"

"Zote."

Lisilo budi hutendwa. Verna akasema, "Basi kanunue ya baba yako. Hizo nyingine itabidi nimwandike jina upya, herufi kwa herufi, na nikishamaliza kumwandika niseme amekufa. Ile ya kwake yumo tayari."

Dukani lilikuwa limebaki boksi moja, limebonyea pembeni. Wakaiweka programu kwenye kompyuta ya marehemu Harlan, nayo ikazichota yenyewe taarifa za mwaka jana, ikaandika juu kabisa: *Karibu tena, Harlan na Verna.* Gretchen akafuta macho, akasingizia mafua.

Wakaanza. Gretchen akamweleza mama yake kwamba kwa vile baba alifariki Novemba, sheria bado inawahesabu mke na mume mwaka ule wote, na fomu wanajaza pamoja.

"Kwa hiyo humu bado ni mume wangu?"

"Humu bado."

Tangu mazishi Verna alikuwa amepewa pole nyingi, na nzuri, lakini hakuna iliyomwingia kama hiyo ya sheria.

Kisha swali likaja. Verna akashika kipanya mwenyewe, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye hapana.

"Mama," Gretchen akasema taratibu.

"Najua."

Akabonyeza ndiyo. Mashine ikampa pole ya maneno manne, ikataka tarehe, na ilipoipata ikauliza kama mwaka ule walinunua gari. Hawakununua. Wakaendelea hivyo mpaka mwisho, na kazi iliyomkosesha Verna usingizi mwezi mzima ikachukua dakika arobaini.

"Umeona?" Gretchen akasema, akijinyoosha. Alisema kwa nia njema, masikini. "Na mwakani itakuwa rahisi zaidi. Lile swali halitakuja tena."

"Kwa nini?"

"Utajaza peke yako. Asiye na mwenzi haulizwi habari za mwenzi."

Verna akahisi baridi ile ile ya nje ya maktaba. Tangu Machi alikuwa akilikimbia swali, na hakuwahi kufikiria kwamba swali nalo lingeweza kuondoka. Mwakani hakuna mashine wala karani atakayetaka kujua kama Harlan yuko au hayuko. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Usiipeleke fomu bado," akasema. "Rudi nyuma."

"Wapi, Mama?"

"Kwenye lile."

Gretchen akarudi ukurasa baada ya ukurasa, gari, tarehe, pole, mpaka wakalifikia.

"Nisomee. Kama baba yako."

Gretchen akasoma kwa sauti. "Bibie, mashine inauliza, mwenzako amefariki mwaka huu?"

"Amemaliza kahawa," Verna akajibu, akabonyeza ndiyo.