Kicheko cha Bi Ernestine

Maktaba moja ndogo ya Inglewood iliamua kumaliza ubishi uliowashinda Waamerika weusi kwa miaka hamsini: katika vichekesho vyao vyote vya runinga, kipi kiliacha alama kubwa zaidi? Kazi hiyo ilitengewa Jumamosi moja, saa nane hadi saa kumi, keki ikiwemo.

Mwenye orodha ya washindani alikuwa Profesa Cortland Broadnax, aliyesomea vichekesho mpaka akasahau kucheka. Alikuja na kanuni ya hesabu yenye mabano matatu. Pembeni yake viliketishwa umri na busara, yaani Bi Ernestine Gadsden wa miaka sabini na minane, kwa sababu bango lilihitaji sura ya mtu mzima. Enzi zake alikuwa hakosi studio za runinga, kwenye viti vya watazamaji. Kicheko chake kilianza kama mlango mbovu na kuishia kwa kikohozi, na watayarishaji walikipenda hivyo hivyo, wakawa wanamkalisha chini ya kipaza sauti.

"Namba moja," alitangaza Profesa, "ni *Jaji na Wanawe*. Kilibadili taswira yetu."

"Kilibadili sebule tu, mwanangu," alisema Bi Ernestine. "Makochi yalikuwa mazuri sana."

Profesa akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, akaonyesha kipande cha kichekesho hicho. Jaji akaingia, akateleza kwenye zulia. Kicheko kikalipuka: mlango mbovu, kisha kikohozi.

"Huyo mimi!" alishtuka Bi Ernestine.

"Ni heshima kubwa, mama."

"Heshima ipi? Huko sikuwahi kukanyaga. Wale walirekodi bila watazamaji, vicheko wakabandika baadaye. Hebu rudisha."

Mkutubi akarudisha. Chini ya kicheko ikasikika sauti ya mwanamke, kwa mbali: "Ernestine, utanimwagia soda!"

Utani wote ulimtoka Bi Ernestine. "Odessa," alisema. "Dada yangu. Tulimzika, huu mwaka wa tisa sasa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Hiyo ni siku ya kurekodi *Wafua Nguo*. Tulicheka mpaka wakatishia kututoa nje. Kichekesho chenyewe walikifuta baada ya wiki tisa. Kwako kiko namba ngapi, Profesa?"

Profesa akapekua karatasi zake. Hakikuwepo.

"Kwa hiyo namba moja yako inachekewa kwa kicheko cha wizi?"

"Ushawishi, mama, haupimwi kwa kicheko."

"Kwenye kichekesho?" aliuliza bwana mmoja wa nyuma, mdomo umejaa keki.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Profesa akapanga upya mabano yake, na kwa ukarimu wa kisomi akakipa *Wafua Nguo* namba ya arobaini na moja, katika orodha ya vichekesho arobaini.

Bi Ernestine hakubishana. Alimwomba mkutubi arudishe tena kile kipande, akasogeza kiti karibu na spika, akainamisha sikio. Kikachezwa mara nne. Jaji aliteleza mara nne, na hakuna aliyemtazama.