Siku Sifuri

Anis Kabbara aliziweka orodha mbili mezani, ubavu kwa ubavu: kikosi cha timu yake ya Mina cha miaka minne iliyopita, na kikosi cha leo. Katika ya kwanza, jina la Rabii Sankari lilikuwa la nane. Katika ya pili halikuwepo, na jioni hiyo babake Rabii angekuja kulisikia likisomwa.

Ligi yao ilikuwa ya watu kumi na wawili wa Tripoli waliocheza mpira wa kikapu pasina kuugusa mpira. Wachezaji wao walikuwa majina na tarakimu ndani ya kompyuta, nayo kompyuta ndiyo iliyochezesha mechi na kutoa matokeo. Desturi ilikuwa kwamba mwenye timu akimpata mchezaji mchanga, humpa jina. Rabii, aliyeiasisi ligi hiyo, alipofariki ghafla kwa maradhi ya moyo, Anis aliyekuwa sahibu yake alimpa mchezaji jina la marehemu, akaahidi mbele ya baba mtu, Abu Rabii, kwamba huyo hataihama Mina mpaka astaafu.

Mwezi wa Februari, tarakimu za mchezaji yule ziliposhuka kwa umri, maana ndani ya kompyuta miaka hukimbia, Anis alimbadilisha kwa jitu moja refu la timu ya Bahij. Bahij naye hakumweka hata mwezi. Akamwacha miongoni mwa wasio na timu. Wenzao waliyajua hayo wakanyamaza, kila mmoja akidhani mzee amekwisha kuambiwa. Hakuambiwa. Kila Ijumaa, mlangoni pa msikiti, Abu Rabii alimshika Anis mkono akauliza, "Hajambo wetu?" na Anis akajibu, "Hajambo, Hajji. Kafunga kumi na moja." Jibu la kwanza lilimtoka kwa haya, yaliyofuata yalimtoka kwa mazoea.

Sasa ligi ilitimiza miaka kumi, na kila mwenye timu alitakiwa kusoma kikosi chake cha zamani na cha sasa. Adhuhuri hiyo Anis alimwondoa kijana mmoja wa akiba, akamsajili Rabii upya, akachapisha orodha, akaikunja pasipo kuitazama mara ya pili.

Baada ya sala ya alasiri walikusanyika mkahawani.

"Tusomee, kocha!" Bahij alimpigia kelele. "Zamani ulikuwa na wachezaji. Leo una nguzo za umeme!"

"Nguzo moja si ulinipa wewe?"

"Nilikupa, ndiyo maana nimeanza kushinda."

Walicheka. Abu Rabii alivaa miwani yake, akanyoosha mkono. "Nipe mimi, mwanangu. Jina la nyumbani kwangu nitalisoma mwenyewe."

Akaisoma orodha ya zamani, na alipolifikia jina la nane sauti yake ilipanda kidogo. Akaishika ya leo. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama.

"Rabii Sankari huyu hapa, alhamdulillahi. Lakini hii nini? Pameandikwa siku za kuitumikia timu. Huyu ana mia tatu, huyu mia sita. Yeye ana sifuri."

Bahij ndiye aliyewahi kufungua kinywa. "Mashine hizo, Hajji! Zinakosea kila siku. Juzi ilinihesabia mchezaji wa miaka mia na mbili."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, wala Anis hakutakiwa ila kuitikia kwa kichwa. Akamtazama mzee, ambaye tayari alikuwa anatabasamu ili aamini.

"Haikukosea, Hajji," alisema. "Nimemrudisha leo adhuhuri. Nilimtoa tangu Februari."

"Na zile kumi na nne za Ijumaa iliyopita?"

"Nilizitunga."

Abu Rabii alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mimi nilizibeba mpaka nyumbani," alisema. "Mama yake huziandika kwenye kalenda ya jikoni. Ijumaa hii mimi sibebi kitu. Utapanda ngazi zetu mwenyewe."

Ijumaa Anis alizipanda, ghorofa nne. Umm Rabii, mamake marehemu, alikuwa jikoni, kalamu tayari mkononi.

"Karibu, mwanangu. Ngapi leo?"

"Hakuingia uwanjani, mama. Alikaa benchi tu. Na zile nyingine zote..."

"Ngoja niandike kwanza." Akaandika sifuri, kubwa na ya duara. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mwanangu maisha yake yote hakuwahi kufikisha kumi kwa mpira wa kweli. Mikono yake ilikuwa kama ya kukorogea unga. Eti kumi na nne! Nikajiambia, labda huko wanamwachia nafasi."

Uso ulimwaka Anis mpaka masikioni.

Mama yule akaishusha kalenda ukutani, akaiweka mezani, akampa kalamu. "Zako zifute wewe. Mimi sijui ni zipi."

Akakaa, akaanza kurudi nyuma, Ijumaa kwa Ijumaa: kumi na nne, tisa, kumi na moja, ishirini. Ile ishirini aliikumbuka. Aliitoa siku ya mvua ili mzee afurahi. Kila mstari aliouchora ulisikika jikoni mle, na Umm Rabii alisimama nyuma yake akiangalia, kahawa aliyomwandalia ikipoa. Alipoufikia mwanzo wa Februari, kabla hajamtoa Rabii timuni, kalamu ilisimama juu ya tarakimu ndogo: mbili.

"Hiyo?" aliuliza mama.

"Hiyo ya kweli, mama."

"Basi hiyo iache."