Nani Anamtembeza Nani

Likizo ilipoanza, binti yangu wa miaka tisa alihamia kwenye kochi, mbele ya televisheni, kutwa nzima. Baba mkwe, dereva mstaafu, naye alikuwa ameagizwa na daktari atembee kila asubuhi, lakini alitia pamba masikioni.

Nikamnong'oneza binti, "Babu asitembee peke yake, ataanguka." Kisha nikamwambia mzee, "Baba, mjukuu wako anaozea kwenye kochi. Mtoe nje."

Kesho yake asubuhi walitoka wameshikana mikono, kila mmoja akijiona mlezi.

Wiki ya tatu walirudi wakitweta. "Mama," binti akalalamika, "eti babu anasema yeye ndiye anayenitembeza mimi!"

Mzee akaangua kicheko. "Mwanangu, umetuchezea shere!"

Nikawamenyea ndizi, nikiona haya kidogo. Walikula huku wakipanga kesho wafike hadi darajani.