Mabafu Yasiyo na Milango

"Mama, wewe mwenyewe ulifanya kazi kiwandani?" karani aliuliza, kalamu yake ikingoja juu ya fomu ya madai ya fidia.

"Hata geti lake sikuwahi kulivuka." Ilibidi apumue kwanza ndipo amalizie. "Mimi nilikuwa nafua."

Mumewe, kwenye kiti cha pembeni, aliinamia viatu vyake. Miaka kumi na tisa alikata vipande vya kuezekea vya asbesto, na wenzake wakambandika jina la Msumeno. Vumbi lile lilikuwa laini kama unga. Lilitua kwenye nyusi, masikioni, kwenye mikunjo ya ovaroli, naye kila jioni alirudi nalo nyumbani. Mkewe aliikung'uta ovaroli mlangoni, akailoweka kwenye beseni, akaifikicha kwa mikono. Sasa Msumeno ndiye mzima. Mkewe alikuwa na saratani kwenye utando wa mapafu, na siku daktari alipouliza ni nani kwao aliyeshika asbesto, Msumeno alitamani ardhi ipasuke immeze.

Karani, binti wa umri wa kitindamimba wao, alitoa barua kwenye faili. "Wenye kiwanda wamejibu. Wanasema mabafu yalikuwepo na maji yalikuwepo. Kila mfanyakazi alitakiwa kuoga na kubadili nguo kabla ya kutoka. Wanasema mzee alikaidi. Ni kweli, baba?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Wiki iliyopita rafiki yake waliyekuwa wakishika naye mashine moja alimfundisha: "Sema maji yalikuwa hayatoki. Kiwanda kimeshabomolewa, nani atakwenda kufungua bomba?" Tangu alfajiri Msumeno alikuwa akilirudia jibu hilo kimoyomoyo.

"Maji…" alianza.

Mkewe akageuka kumtazama. Macho yake hayakuwa na lawama yoyote. Afadhali yangekuwa nayo.

"Maji yalikuwepo," Msumeno alisema. "Mimi ndiye sikuoga."

"Kwa nini?"

Alijikuna shingo. Alitazama ukuta wa mbao nyembamba uliowatenga na watu waliokuwa kwenye foleni. "Binti yangu, hakuna karani mwanamume hapa?"

"Yuko likizo, baba."

"Nilikuwa na busha."

"Samahani, sijakusikia."

"Busha!"

Ilimtoka kwa sauti kuliko alivyokusudia. Nyuma ya mbao, mazungumzo yote yakakatika ghafla. Masikio yake yaliwaka moto, lakini neno lilikwishatoka na halirudi, basi akaendelea. Bafu lilikuwa chumba kimoja kirefu, mabomba kumi yamejipanga ukutani, mtu na mwenziwe bega kwa bega. Hakuna mlango, hakuna pazia. Kulikuwa na mzee mmoja wa sehemu ya tanuri aliyekuwa na ugonjwa huohuo. Walimwita Mpagazi. Akiingia kuoga, vijana humkimbilia: "Lete tukusaidie mzigo, mzee!"

"Na wewe?" karani aliuliza.

"Na mimi nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote, wasije wakanishuku. Halafu nachukua baiskeli yangu, naondoka na vumbi langu. Nilikuja kupasuliwa kiwanda kimeshafungwa. Hiyo aibu yangu ndiyo niliyompelekea huyu afue."

"Andika na langu," mkewe alisema.

"Acha, mama watoto."

"Niache niseme. Mimi ndiye niliyemwambia aje aoge nyumbani. Nilimchemshia maji mwenyewe." Alikohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa. "Sikutaka mume wangu achekwe. Kama ni kosa, basi tulilifanya wawili."

Karani hakucheka. Aliuliza taratibu, "Hakukuwa na mlango hata mmoja?"

"Hata gunia la kuziba."

Aliandika, akapigia mstari. "Hilo kwenye barua yao hawakulitaja. Lakini siwezi kuwaahidi kitu. Wanaweza kusema ulichagua mwenyewe. Baraza la fidia litakaa mwezi ujao, baba, na utaulizwa upya. Watu saba, pamoja na wakili wa wenye kiwanda. Utayasema haya haya?"

Msumeno aliwaona akilini wale watu saba, tai zao, na wakili akiuma midomo kuzuia kicheko. Kisha akausikia mluzi mwembamba wa pumzi ya mkewe pembeni yake.

"Nitasema."

Akatia sahihi. Walipotoka, watu wa foleni waliinamia simu zao kwa pamoja, kama walioamrishwa.

Lifti ilikuwa mbovu. Waliposhuka ghorofa moja, mkewe alishindwa, akakaa kwenye ngazi. Msumeno alisimama mbele yake kumkinga na wapita njia, kisha akaona haina maana, akakaa naye.

"Lakini ulivyopiga kelele!" mkewe alisema. Kicheko kikampanda, kikageuka kikohozi, naye Msumeno akamshika mgongo kwa viganja viwili mpaka kikatulia.

"Wamesikia wote," mkewe alinong'ona.

"Wamesikia."

Mwanamume mmoja mwenye mafaili kwapani alikuwa akipanda. Msumeno alisogeza magoti ampishe, wala hakuinamisha uso. Kisha akainuka, akashuka ngazi moja, akageuka na kumnyooshea mkewe mkono. Mkewe aliutazama ule mkono, bado akitafuta pumzi, naye Msumeno akaendelea kuunyoosha.