Kifungu cha Namba

Mimi ndiye niliyedai majina yaondolewe kwenye karatasi za mitihani. Miaka kumi na tisa nimekaa ofisi ya mitihani ya chuo hiki, karani mweusi peke yangu, nikiona karatasi za vijana wetu zikirudi na arobaini na nane, arobaini na tisa, na kufaulu ni hamsini. Nilipeleka barua nne kwenye kamati ya usawa. Ya tano wakaisoma, nadhani kwa kunichoka. Wakaniambia niandike kifungu mwenyewe: kila mtahiniwa awe namba tu, orodha ya majina ifungiwe kabatini mwangu.

Nilifurahi kama mjinga. Mpwa wangu, niliyemlea tangu dada yangu afariki, alikuwa anarudia mtihani wa mifupa na misuli kwa mara ya tatu, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, udaktari basi, unafungasha.

"Safari hii hawakujui, mama," nikamwambia. "Wewe andika tu."

"Mjomba na namba zako," akacheka. Alisoma mpaka macho yakamvimba.

Jumatano karatasi zikarudi. Arobaini na nane.

Nikajiambia labda kaanguka kweli, mtihani hauna undugu. Lakini roho haikutulia. Nikayapanga matokeo yote kwa namba. Moja mpaka mia moja arobaini kulikuwa na alama za kila aina, za werevu na za wavivu. Kuanzia hapo hadi mwisho, watu ishirini na wawili, hakuna hata mmoja aliyepita hamsini na mbili.

Namba niligawa mimi, kwa mpangilio wa kujiandikisha. Ndivyo nilivyozoea, napenda kazi iliyonyooka. Na vijana wetu hujiandikisha mwisho kila mwaka, kwa sababu vyeti vyao hupelekwa kwanza dirisha la pili vikakaguliwe upya, hata vya waliozaliwa mtaa wa nyuma ya chuo. Hakuna mwalimu asiyejua kwamba wa mwisho orodhani ni wao. Ningezitia kofiani nikazichanganya, kama watoto wanavyopiga kura, yasingetokea. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwao.

Nikapanda ghorofani kwa mwenyekiti wa kamati, mama mpole, mweupe, ambaye hujua kusikitika. Nikamweleza yote. Akanimiminia maji.

"Una ushahidi kwamba mwalimu aliangalia namba?"

"Alama zenyewe."

"Alama ni alama. Ila namba zilitoka kwako. Kwa karatasi hizi, aliyewatenga wanafunzi weusi ni wewe."

"Basi nifukuzeni. Karatasi zisahihishwe upya."

Akafungua jalada, akanigeuzia ukurasa. Kipengele cha mwisho kiliandikwa kwa maneno yangu mwenyewe: mtihani wa namba haukatiwi rufaa ya ubaguzi, kwa kuwa mtahiniwa hajulikani. Nilikiongeza mimi hicho ili wakubali upesi.

"Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha. Ningependelea anitukane.

Nilishuka ngazi. Mpwa wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani. Aliniangalia usoni, akajua.

"Ngapi?"

"Arobaini na nane."

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia.

"Mara mbili zile nililaumu watu," akasema. "Safari hii hawakunijua. Kumbe ni mimi tu, mjomba. Sina kichwa."

Nilitamani kunyamaza, Mungu anisamehe. Ningebaki mjomba mwema, naye angekwenda na aibu isiyo yake. Nikaketi karibu naye.

"Walikujua, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha."