Nusu Sebule ya Mama Sindano

Fundi cherehani waliyemwita Mama Sindano alikuwa na mgogoro na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji alitaka nyumba waliyoachiwa iuzwe. Mama alitaka kuipangisha, chumba kimoja kimoja. Wakapatana: kufikia Jumamosi kila chumba kiwe na mtu, kimoja tu kikibaki kitupu, inauzwa.

Vyumba viwili vilijaa upesi. Cha tatu alilala mwenyewe. Sebule akaiitia seremala, ikakatwa katikati kwa plaiwudi: huku kinyozi, huku muuguzi. Haraka haina baraka. Balbu iliangukia kwa muuguzi, swichi ikabaki kwa kinyozi.

"Mimi fundi wa mbao, mama, si wa umeme," seremala akajitetea. Wa umeme aliahidi kesho, na kesho yake haikufika.

Muuguzi alikuwa anasomea mtihani.

"Kinyozi, washa!"

"Dada, plaiwudi haijafika darini, mwanga wote unaniangukia usoni. Macho yako hayachoki?"

"Yachoke yangu! Mdomo wako je?"

Ijumaa muuguzi akafunga mizigo. Mama Sindano akamkuta mlangoni na begi, akalidaka begi.

"Mwanangu, usiondoke. Chukua chumba changu."

"Na wewe mama?"

"Macho yangu yameshona miaka thelathini. Giza ndiyo likizo yake."

Wakabadilishana vyumba asubuhi ileile, kinyozi akiwabebea mizigo kwa aibu.

Jumamosi shemeji akaja, akabisha kila mlango. Kila mlango uliitika. Akafika nusu sebule, akachungulia.

"Hiki hakina mtu."

"Kina mimi," Mama Sindano akasema nyuma yake.

Shemeji aliingia, akaketi kitandani, magoti yakagonga plaiwudi. Upande wa pili kinyozi akasema, "Karibu!" Shemeji alitazama nguo za mama zilizotundikwa msumarini, na cherehani chini ya kitanda, maana juu hapakuwa na pa kuiweka.

"Shemeji, kumbe unaitaka nyumba hii hivi?"

"Naitaka."

"Mnunuzi nimekuja naye. Yuko nje."

Shemeji akainuka, akajipangusa vumbi la mbao, akatoka. Mama akamsikia kizingitini:

"Ndugu yangu, tumekusumbua bure. Nyumba imejaa."