Kibanda cha Tadei

Mume wangu Tadei ni mtu wa Sumbawanga mjini, na huko kwetu ukijenga, unajenga kuukimbia upepo wa baridi. Tuliposhuka bondeni Milepa kuvuna mpunga, kwenye joto la kuchemsha ubongo, alijenga kibanda cha nyasi, akashindilia kila upande, akabakiza tundu la kutambaa tu. Ndani tuliiva kama viazi.

“Upepo si wa kuchezea,” akaniambia, jasho likimchuruzika puani.

Nikachukua panga, nikatoboa kuta mbili zinazotazamana, nikaning’iniza magunia yaliyolowa maji kwenye matundu hayo. Upepo ukapita humo, ukaingia ndani umepoa.

Tadei akapekua begi, akavaa sweta.

“Si nilikwambia, Mama Sharon? Ziba hayo matundu.”